KIPOZA OILI SI HIRIZI

Wapo miongoni mwetu waaminio kwamba kila ugonjwa wa gari una dawa yake dukani, na kwamba mwenye fedha za kuinunua dawa hiyo hana haja ya kuuliza ugonjwa umetoka wapi. Imani hiyo ilimgharimu sajini mmoja wa jeshi injini ya gari lake, tena ikamvunja mkono mama mmoja asiyekuwa na hatia yoyote. Sajini mwenyewe ametuomba tuyaeleze yaliyompata, kwa sharti kwamba tusimtaje jina, ili askari wenzake wa jeshi na wa polisi wanaomiliki magari ya zamani wajifunze kwa kosa lake wasije wakajifunza kwa kosa lao.

Gari lake ni Volkswagen dogo la mwaka 1968, lile lenye mgongo wa mviringo kama kobe na injini nyuma. Aliachiwa na marehemu baba yake, konstebo wa polisi, aliyelinunua mkononi mwaka 1974. Sajini alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu, na nia yake ilikuwa moja tu: siku ya kurudi nyumbani Kabale aingie kijijini akiwa ndani ya gari la mzee.

Lakini gari lilikuwa na kasoro. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, ila kila lilipopanda mlima mrefu lilipungukiwa nguvu, likatoa harufu ya oili iliyoungua, na taa ya oili ikawa inamemeta injini inapozunguka polepole. Fundi mmoja wa kando ya barabara alimwambia kwamba magari ya namna hiyo yote huchemka, na kwamba dawa yake ni kipoza oili cha nje. Kazi ilifanywa kwa muda wa saa moja na nusu. Kipoza kilichotolewa katika gari lililokufa kilifungwa kwa waya juu ya matundu ya hewa ya injini, kikaunganishwa kwa mipira ya petroli na klipu za kukaza kwa bisibisi. Sajini alilipa, akashukuru.

Jumamosi iliyofuata aliondoka Mbarara alfajiri. Alipokwisha kupita Ntungamo na kuanza kupanda kuelekea milima ya Kigezi, mpira mmoja ulichomoka. Pampu ya oili haikujua kwamba mpira umechomoka. Iliendelea kusukuma, na kila ilichosukuma kilimwagika barabarani. Taa ya oili iliwaka ikabaki inawaka.

"Niliiona taa," sajini alituambia. "Nikajiambia, nifike kwanza pale juu, ndipo nisimame."

Hakufika. Injini ilipiga kelele ya chuma kwa chuma, ikakaza, gari likasimama. Nyuma yake pikipiki ya boda boda iliyokuwa imembeba mama mmoja na kikapu chake cha viazi ilikanyaga oili ile, ikateleza, ikaanguka. Dereva alichubuka magoti. Mama alivunjika mkono wa kulia. Konstebo aliyefika mahali hapo alifanya lililotakiwa: alitandaza matawi barabarani kwa umbali wa kutosha ili wenye magari wapunguze mwendo, kisha akawaomba vijana wamwage udongo mkavu juu ya oili kabla hata hajaanza kuandika maelezo.

Sajini aligharimia matibabu ya mama yule kabla hajanunua hata nati moja ya gari lake.

GARI LENYE SIFA YA USTAHIMILIVU

Msomaji anaweza kudhani kwamba gari la aina hii ni dhaifu. Historia haisemi hivyo. Injini yake haina rejeta wala maji. Hupozwa kwa upepo wa feni na kwa oili. Kwa sababu hiyo wanajeshi walilipenda umbo hilo la injini mapema. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Ujerumani lilitumia gari la kijeshi lililoitwa Kübelwagen, lililojengwa juu ya msingi wa Volkswagen hii, na magari zaidi ya 50,000 ya aina hiyo yalitengenezwa. Katika jangwa la Afrika ya Kaskazini, ambako kila tone la maji lilikuwa na thamani, gari lisilohitaji maji lilikuwa neema kwa askari.

Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki jina lake lilivuma katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda wakiwa na Volkswagen. Gari hilo likashinda tena mwaka 1957, na mwaka 1962 Tommy Fjastad akashinda nalo kwa mara nyingine. Magari hayo yalipita katika vumbi, matope na milima ileile ambayo sisi tunaipita leo juu ya lami. Volkswagen ya mwisho ya umbo hili ilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, mwezi Julai mwaka 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21 ulimwenguni.

Basi ikiwa gari limeweza hayo yote, kwa nini la sajini lilichemka kwenye mlima mmoja?

OILI HUPATA WAPI JOTO

Swali hilo tulimpelekea koplo mmoja, fundi wa magari, ambaye alikubali kulifungua gari la sajini katika siku zake za mapumziko, nyumbani kwake, kwa spana zake mwenyewe. Jambo hilo alilisisitiza, nasi tunalisisitiza pia: gari la mtu binafsi halikuingia katika karakana ya jeshi.

Koplo alitueleza kwamba oili katika injini hufanya kazi mbili. Kwanza hulainisha, maana huweka utando mwembamba kati ya chuma na chuma. Pili hubeba joto. Hulichukua chini ya pistoni, hulichukua katika beringi za krankshafti, hulichukua katika vali, kisha huenda kulitua mahali pengine. Injini ya Volkswagen hii hubeba lita mbili na nusu tu za oili, na oili hiyo chache ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ambayo katika magari mengine hufanywa na maji.

Oili ikipata joto kupita kiasi huwa nyepesi kama maji. Utando wake hukatika, shinikizo lake hushuka, na chuma huanza kusagana na chuma. Joto la oili kati ya nyuzi 80 na 100 za sentigredi ni la kawaida. Likizidi 120 mwenye gari hana budi kuhangaika.

Waliolibuni gari hili walilijua jambo hilo tangu mwanzo. Juu ya injini, ndani ya kasha la bati linaloongoza upepo wa feni, walisimamisha kipoza oili kidogo. Oili ya moto hupanda ndani yake, upepo wa feni hupita katikati ya mapezi yake, na oili hushuka ikiwa imepoa. Kasoro ilikuwa moja: kipoza hicho kilisimama katika njia ya upepo unaokwenda kwenye silinda ya tatu, hata silinda hiyo ikapata upepo uliokwisha kupashwa joto. Mafundi wengi wanaijua silinda ya tatu kwa kuunguza vali ya moshi. Katika injini kubwa za matoleo ya mwaka 1971 na kuendelea kiwanda kilikihamisha kipoza na kukipa kijumba chake pembeni, ambacho wapenzi wa magari haya Ulaya na Marekani hukiita kibanda cha mbwa.

YALIYOONEKANA BAADA YA KUFUNGULIWA

Tulikuwapo koplo alipoliinua kasha la feni. Chini yake, juu ya kipoza kile cha asili, palikuwa na kiota cha panya: majani makavu, nyuzi za gunia na vipande vya sponji ya viti. Gari lilikuwa limekaa chini ya mwembe kwa miaka mingi baada ya mzee kufariki, na panya walikuwa wamejipatia nyumba. Zaidi ya nusu ya mapezi ya kipoza yalikuwa yamezibwa.

Kisha alituonyesha ukingo wa chumba cha injini. Pale panatakiwa pawe na mpira unaoziba nafasi yote kati ya injini na bodi, ili joto la ekzozi lililoko chini lisirudi juu kuvutwa tena na feni. Mpira huo haukuwapo. Feni ilikuwa ikivuta hewa iliyokwisha kuungua.

Mwisho alifungua vali ya kupunguza shinikizo, iliyoko chini ya injini. Vali hiyo ni kijipistoni kidogo juu ya springi. Asubuhi oili ikiwa baridi na nzito, kijipistoni hushuka na kuifungulia oili njia ya mkato iende moja kwa moja kwenye beringi bila kupita katika kipoza. Oili ikipata joto, kijipistoni hupanda na kuifunga njia hiyo. Cha sajini kilikuwa kimekwama chini kwa uchafu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya oili haikuwa ikifika kwenye kipoza hata kidogo.

"Afande," koplo alimwambia sajini, "gari hili lilikuwa na kipoza tangu siku lilipozaliwa. Lilichokosa ni pumzi."

Sajini alinyamaza. Kisha akauliza, "Na kile cha nje nilichofungiwa?"

"Kile, Afande, kilifungwa juu ya matundu yanayoingiza hewa kwa feni. Kilikuwa kikiipasha joto hewa ya injini nzima. Hata kama mpira usingechomoka, kingekudhuru."

Hapo ndipo ulipo moyo wa makala yetu. Kabla hujafikiri kununua kipoza, mwenye gari, chunguza mambo haya: mabati yote ya injini yako yapo? Mpira wa ukingo upo? Mkanda wa feni unabonyea kiasi cha sentimita moja na nusu kwa kidole gumba, au umelegea? Taimingi ya moto ni sahihi? Kabureta inatoa petroli ya kutosha, au inaiacha injini ikiungua kwa njaa? Oili hubadilishwa na wavu wake kusafishwa kila kilometa 5,000? Mengi kati ya hayo hayahitaji fedha, yanahitaji macho tu. Mwenye homa akimwagiwa maji hupata nafuu kidogo, lakini malaria inabaki palepale.

JINSI KIPOZA CHA NJE KILIVYOFUNGWA MARA YA PILI

Ilipokuwa injini imefunguliwa yote kwa ajili ya beringi mpya, sajini alitaka kujua kama kipoza cha nje kina faida yoyote. Koplo alijibu kwamba kina faida, maadamu injini imekwisha kuwa nzima. Gari la watu wanne na mizigo, katika milima ya Kigezi, hustahili msaada. Tunaeleza alivyofanya, kwa kuwa utaratibu wake unawafaa wote.

Jambo la kwanza ni mahali pa kuichukua oili. Koplo alifunga kifuniko cha pampu chenye tundu la kutolea oili, akatoboa na kuchonga hesi katika njia ya oili ya bloku ili irudi hapo. Oili yote hutoka kwenye pampu, hupita katika chujio, hupita katika kipoza, kisha hurudi. Gari hili kwa asili lina wavu tu wala halina chujio, kwa hiyo faida ikawa mbili. Kutoboa huko hakufanywi injini ikiwa imefungwa, kwa sababu chembe moja ya chuma ikibaki ndani itafanya kazi ya adui.

Jambo la pili ni mahali pa kukiweka kipoza. Hakuna kukiweka mbele ya matundu ya hewa ya injini. Hakuna kukiweka karibu na ekzozi. Koplo alikiweka chini ya sakafu ya nyuma, juu ya gia boksi, mahali penye hewa ya nje, akakitilia feni ndogo ya umeme na wavu wa chuma wa kuzuia mawe. Alikining'iniza kwa vipande vya mpira, akaeleza kwamba kipoza kilichobanwa kwa chuma kitupu hupasuka maungio kwa mtetemo. Midomo yake aliielekeza juu, ili hewa itoke na oili isimwagike yote kurudi chini gari linapolala.

Jambo la tatu ni themostati. Nyumbani kwa sajini asubuhi ni baridi. Oili isiyopata joto la kutosha haiwezi kuukausha unyevu na petroli vinavyojikusanya ndani ya injini, na matokeo yake ni tope jeusi. Themostati ya nyuzi 80 huiacha oili ipite njia fupi mpaka ipate joto lake. Kupoza kupita kiasi nako ni kosa.

Jambo la nne, na hili ndilo lililomvunja mama yule mkono, ni mipira. Mpira wa petroli haukutengenezwa kubeba oili ya moto yenye shinikizo. Koplo alitumia mipira ya oili yenye nyuzi za chuma, upana wa ndani wa nusu inchi, na vichwa vyake vilibanwa kwa mashine, si kwa klipu. Kila mpira ulipopita katika bati aliuvika pete ya mpira ili bati lisiukate. Hakuna mpira uliokunjwa kwa nguvu, na hakuna uliogusa chuma cha moto.

Jambo la tano ni kuwasha. Alikijaza kipoza na chujio oili kabla ya kuvifunga. Alichomoa waya wa koili, akazungusha starta kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazimika, ndipo akarudisha waya na kuiwasha injini. Aliiacha izunguke, akalala chini ya gari na tochi, akapitisha kitambaa cheupe katika kila ungio. Alizima, akangoja, akapima oili tena na kuongeza iliyopungua, kwa maana kipoza, chujio na mipira vilikuwa vimekunywa chao. Baada ya kilometa 50 alikagua tena. Baada ya kilometa 500 akakagua tena.

Kazi hiyo ilichukua siku tano za mapumziko yake. Kumbukeni kwamba ile ya kwanza ilichukua saa moja na nusu.

MLIMA ULEULE

Siku ya kustaafu kwake sajini alitualika tusafiri naye. Mkewe alikaa nyuma na mizigo, koplo akakaa nyuma pia, nasi tukapewa kiti cha mbele ili tuisome geji ya joto la oili iliyofungwa karibu na spidometa. Kwenye tambarare ilisoma nyuzi 88. Tulipoanza kupanda ilisogea hadi 95, ikasogea hadi 104, na hapo tukaisikia feni ndogo ikianza kuvuma chini yetu. Hakuna aliyesema neno. Sajini alishuka gia moja mapema kuliko tulivyotarajia, akaiacha injini izunguke kwa wepesi bila kuilazimisha. Geji ikarudi 99, ikakaa hapo hadi kileleni.

Kabla ya kufika kileleni alikuwa amepunguza mwendo mahali fulani akatuonyesha kwa kidole. Juu ya lami palikuwa bado na doa jeusi.

Hakwenda moja kwa moja nyumbani. Aliingia kwanza katika njia ya vumbi hadi kwa mama yule wa viazi, akashuka, akavua kofia, akamwamkia. Mama alitukaribisha vizuri na kutupa uji. Mfupa umeunga, alisema, lakini mkono ule haujaweza tena kuinua kikapu kilichojaa. Sasa viazi hupelekwa sokoni na mjukuu wake. Sajini alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Tulipoondoka alikuwa ameahidi kwamba siku za gulio, maadamu yeye yupo nyumbani na gari ni zima, viazi vile vitasafiri ndani ya Volkswagen.

Tuliporudi katika gari alitupa maneno ambayo tunayaandika kama alivyoyasema: "Andikeni habari za mipira, andikeni na habari za kiota. Lakini msisahau kuandika kwamba taa niliiona."

Basi, ndugu askari wa jeshi na polisi, tunayaandika. Kipoza oili ni chombo chema kwa gari dogo la zamani, kikifungwa na mtu aliyeutafuta ugonjwa kwanza. Kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachoamua kama oili itabaki ndani ya injini au itamwagika chini ya magurudumu ya mwenzio. Na taa ya oili ikiwaka mwendoni, hakuna kilele cha kukimbilia. Zima injini papo hapo, uliache gari liserereke hadi pembeni, ushuke ukatazame barabara nyuma yako.